Pesa ya msaada hapa Goma: namna ya kujua nani alilipa, nani anaamua na swali lako ulipeleke wapi

Jambo kwenu wote wa Goma, Sake, Minova, Bukavu na wenye muko mbali. Kila siku kwenye kartye tunasikia "ONU walikula", "ile ONG iko na franga mingi", "wazungu njo wanaamua", lakini ukiuliza ni nani hasa, pesa ya nchi gani, iliamuliwa wapi, watu wananyamaza. Nataka niwaonyeshe namna ya kufuatilia hii mambo na simu yenu tu, ju habari nyingi haziko siri, zinawekwa kwenye intaneti kila mwezi na sisi wenye zinatuhusu njo hatuzisomi. Kama uko kwenye komite ya mayi, komite ya wazazi, chama cha vijana ao cha wamama, ao unafanya kazi kwenye redio ya mutaa, soma paka mwisho.

Anza na pano, kile kibao cha proje. Karibu kila proje ya mayi, ya shule, ya kituo cha afya ao ya barabara iko na pano yenye malogo, na kama pano imeshaanguka ao watu wameifanya mlango, utapata stika kwenye tanki ao kwenye mifuko. Piga foto. Kisha tenganisha yale malogo: kuna mwenye alitoa pesa (Umoja wa Ulaya, Ujerumani, Uingereza, Sweden, Banki ya Dunia…), kuna mwenye alipokea na kuisimamia (UNICEF ya watoto, PAM ya chakula, HCR ya wakimbizi, Fonds Social ya serikali), na kuna mwenye alifanya kazi pale chini, ONG ya kimataifa, ya hapa kwetu ao antreprize. Sisi tunagombana kila mara na huyu wa mwisho, kijana mwenye jile mlangoni, na yeye bajeti hata siku moja hajaionaka. Andika majina yote kwenye daftari, na namba ya proje kama iko, na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Bila tarehe hautafika mbali.

Sasa jiulize: hii pesa ni ya lazima ao ni ya hiari? Hapa njo siri kubwa iko, na nikiwaambia ukweli ni watu wachache sana wanaielewa, hata kati ya wale wanaofanya kazi ndani.

Pesa ya lazima ni ile kila nchi mwanachama inapigiwa hesabu kulingana na uchumi wake, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa njo linapitisha, iko kwenye kifungu cha 17 cha Mkataba wa ONU. Kwa miaka 2025 mpaka 2027 Marekani imepangiwa 22% ya bajeti ya kawaida na China kama 20%. Kiwango cha chini kabisa ni 0.001%, na nchi zenye maendeleo madogo kabisa, sisi tumo, hazipiti 0.01%. Ni kidogo lakini ni yetu, kwa hiyo mutu asikudanganye kwamba Kongo hailipi kitu kule. Na ukikawia kulipa mpaka deni lifikie michango ya miaka 2 mizima, kifungu cha 19 kinasema unaweza kupoteza kura kwenye Baraza Kuu.

MONUSCO, misheni ya ONU hapa Kongo, inalipwa na mufuko mwingine, wa kulinda amani, nao ni wa lazima, ila zile nchi 5 zenye kiti cha kudumu zinaongezewa. Marekani inapigiwa zaidi ya 26% na sheria yao wenyewe tangu miaka ya 1990 inasema wasipite 25%, sasa ule mwanya unabaki deni, mwaka kwa mwaka. Deni na kuchelewa kulipa vikazidi, na mwezi wa 10 mwaka 2025 ONU ikatangaza kupunguza kama robo ya maaskari na mapolisi kwenye misheni 9 ju pesa haitoshi. Kwa hiyo siku utaona kambi inafungwa ao jirani yako mwenye alikuwa anafanya kazi kule anarudishwa nyumbani, sababu inaweza kuwa kura ya Baraza la Usalama lakini inaweza pia kuwa kura ya Bunge la Washington ju ya bajeti. Ni vitu viwili tofauti na vinaulizwa kwa watu tofauti.

Pesa ya hiari sasa. PAM, UNICEF na HCR zinaishi karibu zote na pesa ya hiari, maana yake kila nchi inatoa ile inataka, wakati inataka, na mara nyingi na masharti: hii ni ya chanjo, hii ni ya zone hii ya afya, hii ni ya miezi 12. OMS, shirika la afya duniani, yenyewe pesa ya lazima ilishuka mpaka chini ya 20% ya bajeti yake, ikafika fasi ambapo mwaka 2022 nchi zikakubaliana kuipandisha polepole ifike 50% kwenye 2030-2031, ju mukubwa wa shirika asiyeshika hata robo ya bajeti yake mwenyewe anaongoza nini? Hii inatuhusu moja kwa moja. Ukikasirika kwamba walileta bâche (turubai) wakati kartye ililia mayi, uliza kwanza kama ile pesa ilifungwa na mfadhili ju ya bâche. Kama ilifungwa, kumupigia kelele mukubwa wa biro hapa Goma ni kupoteza nguvu, swali liende kwa nchi iliyoifunga.

Na nchi yenye kutoa haipati tu shukrani. Mwaka 1999 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulipa deni lao ONU, dola milioni 926, lakini kwa masharti, moja likiwa kwamba mchango wao ushuke kutoka 25% mpaka 22%. Desemba 2000 Baraza Kuu likakubali. Na ofisi ya ukaguzi wa ndani ya ONU, OIOS, ilizaliwa mwaka 1994 kati ya shinikizo hiyo hiyo ya Washington, na mimi nasema hiyo ilikuwa kitu kizuri, ju leo hata mama wa Kanyaruchinya anaweza kuitumia. Kisha kuna vyeo: UNICEF imeongozwa na Mmarekani tangu ilipoanza, OCHA (ofisi ya ONU ya misaada ya dharura) na Mwingereza tangu 2007, idara ya kulinda amani na Mfaransa tangu 1997, Banki ya Dunia na Mmarekani siku zote, FMI (mufuko wa fedha wa kimataifa) na mutu wa Ulaya. Na kwenye Baraza la Usalama, Ufaransa njo inashika kalamu ju ya Kongo, inaandika rasimu ya kwanza ya azimio. Mwenye anaandika rasimu anaanza mbele ya wote, hii kila mutu aliyeshakuwa katibu wa chama anaijua.

Tulilipa bei ya kutokujua hii. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilibeba kama 70% ya pesa ya msaada wa dharura kwa Kongo. Januari 20, 2025 amri ya kusimamisha misaada yao ya nje ikasainiwa, na Januari 27 Goma ikaanguka kwenye mikono ya M23. Wiki moja! Mahospitali zinajaa majeruhi na huku mashirika yanapokea email ya kusema musitumie hata dola. Na USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa rasmi Julai 1, 2025. Kama tungekuwa tunaangalia zile namba kila mwaka tungejua kwamba msaada wetu umesimama kwenye mguu mmoja, na tungeuliza mapema.

Basi, namna ya kuangalia. Fungua fts.unocha.org (FTS), ni ya OCHA, iko pia na Kifaransa, haikuli mega mingi. Chagua nchi, chagua mwaka. Utaona pesa iliyoombwa, iliyoingia na iliyokosekana. Kwa mwaka 2025 mpango wa Kongo uliomba dola bilioni 2.54 ju ya watu milioni 11. Usisimame kwenye ile duara ya rangi, shuka kwenye orodha ya malipo moja moja, hapo utaona nchi gani ilimupa nani, kiasi gani, tarehe gani. Chunga kitu kimoja: kuna ahadi, kuna pesa iliyofungiwa mkataba, na kuna iliyolipwa. Kwenye redio utasikia "nchi fulani imetoa milioni 50" na kumbe ni ahadi tu. Mwandishi akisoma ile bila kuangalia, wamama wanakuja kusimama kwenye mustari wakingoja kitu ambacho hakijatoka hata kwenye banki ya kule.

FTS itakuambia pesa ilifika PAM Kongo, haitakuambia kama ilifika Ndosho. Kwa kushuka zaidi ingia d-portal.org, pale mashirika na serikali zinaweka wenyewe habari za proje moja moja, na unaweza kutafuta na jina la muji. Kisha nenda kwa mfadhili mwenyewe. Uingereza iko na DevTracker, na hii naipenda kuliko zote ju wanaweka mpaka ripoti ya kila mwaka yenye kupewa alama, A+, A, B, na maelezo kwa nini proje ilipewa alama ndogo. Umoja wa Ulaya uko na mfumo wake wa kuonyesha nani alipokea pesa yao. Marekani ni ForeignAssistance.gov. Kuna pia Fonds Humanitaire ya RDC, ule mufuko wa pamoja wenye nchi kadhaa zinatia pesa na OCHA inausimamia, nao unaonyesha ONG gani ilipata ngapi, zile za kwetu pia.

Mukifika hapo fanyeni hesabu ya ngazi. Tuseme UNICEF imepokea dola milioni 1 ya proje. Kiwango chake cha kawaida cha gharama za usimamizi ni 8%, hapo karibu 74,000 inabaki juu. PAM kiwango cha kawaida ni 6.5%. Halafu ONG ya kimataifa yenye inapokea nayo inatoa yake, halafu wanampa ONG ya Goma mwenye anaongeza kodi ya nyumba na salere na mafuta ya jenereta. Hiyo haiko wizi, biro inalipwa kweli, lakini kila ngazi inakata na kule chini robine inabaki moja badala ya tatu. Mwaka 2016 wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba mpaka 2020 robo ya pesa itaenda kwa mashirika ya wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Hawakufika. Ni haki yetu kuliuliza hili kila mukutano.

Sasa ukaguzi. Juu kabisa kuna wakaguzi wa nje wa ONU, ni wakaguzi wakuu wa nchi 3 wanaochaguliwa na Baraza Kuu. Kuna OIOS niliyosema. Na kila shirika iko na ukaguzi wake wa ndani, na PAM, UNICEF na PNUD (shirika la ONU la maendeleo) wanatoa zile ripoti wazi. Andika tu kwenye Google "audit interne" na jina la shirika na RDC. Ripoti ni ndefu, nyingi ni za Kiingereza, lakini tia kwenye programu ya kutafsiri na usome fasi mbili tu: alama waliyopewa, na ile tabo ya mwisho yenye kusema nini kirekebishwe, na nani, kabla ya tarehe gani. Ile tarehe njo silaha yako. Ukienda kwenye mukutano na kusema "munaiba" wanakufukuza, ukisema "ukaguzi wenu ulisema orodha ya wenye kusaidiwa irekebishwe kabla ya mwezi fulani, mumefika wapi?" mukubwa anafungua daftari.

Kama munafikiri hakuna chochote kinabadilika, angalieni barabara ya Bukavu–Goma, RN2. Ile kazi ya kuipanua ilikuwa ndani ya proje ya Pro-Routes, pesa ya Banki ya Dunia. Watu wa vijiji vya Kivu Kusini walilalamika: mali iliharibiwa, maaskari waliwekwa kulinda kazi, wanawake walitendewa mabaya, wafanyakazi walinyanyaswa. Hawakuishia kwa shefu wa chantier. Mwaka 2017 wakapeleka malalamiko yao Inspection Panel, ofisi ya Banki ya Dunia kule Washington iliyoundwa mwaka 1993 ju ya mambo kama hayo, na Novemba ya mwaka ule ule Banki ikasimamisha kulipa zile kazi mpaka mambo yarekebishwe. Watu wa vijijini, kwenye barabara tunayoijua sisi wote, wamesimamisha pesa ya Banki ya Dunia! Kila mutu wa Kivu angepaswa kuijua hii habari.

Masharti yao si magumu. Muwe watu 2 ao zaidi wenye kuumizwa na proje, muonyeshe kwamba mulishajaribu kuwaambia watu wa Banki, mueleze ubaya uliofanyika na namna unavyounganika na proje. Munaweza kuomba majina yenu yafichwe. Munaweza kuandika kwa lugha yenu. Kabla ya hapo pitieni kwenye MGP, ule mfumo wa malalamiko ambao kila proje ya Banki inapaswa kuwa nao, zile za Fonds Social, kama STEP, ni hivyo hivyo, na mubakie na kopi yenye muhuri ao foto ya ile karatasi mulitia kwenye kisanduku. Kisanduku bila kopi ni shimo.

Mfano mwingine unaumiza zaidi. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, Beni, Butembo na hata hapa, wanaume wa mashirika waliwaomba wanawake mwili wao ju ya kazi. Mwaka 2020 wanawake zaidi ya 50 wa Beni waliwaelezea waandishi wa habari. Tume ikaundwa, Septemba 28, 2021 ikatoa ripoti: watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa watu wa OMS. Kisha Umoja wa Ulaya ukasimamisha pesa ya programu zinazohusu OMS hapa Kongo. Mwenye pesa akifunga mufuko, mlango mkubwa unafunguka. Kwa hiyo malalamiko ya namna hii usiyapeleke kwa shirika lenyewe peke yake, peleka pia OIOS (fomu iko kwenye oios.un.org) na kwa mfadhili. Na musichoke kurudilia kwenye mutaa: jeton ya msaada, bâche, kazi ya siku, hakuna hata kimoja kinacholipiwa na mwili ao na pesa ya chini ya meza.

Namna ya kuandika. Swali moja kwa barua moja, na namba na tarehe ndani, bila matusi, bila kumutaja mutu kama hauna ushahidi. Kitu sawa hivi:

"Sisi komite ya mayi ya avenyu fulani, kartye fulani. Kwenye pano ya proje namba fulani tumeona ilianza Machi na ilipaswa kumalizika Septemba. Robine 6 zilipangwa, 2 zinatoa mayi. Tunaomba kujua kiasi cha pesa kilichotengwa kwa kartye yetu, kiasi kilichotumika mpaka leo, na tarehe mpya ya kumaliza. Tunaomba jibu kwa maandishi."

Tuma kwa anayefanya kazi, na kopi kwa biro ya Kinshasa ya anayesimamia, na kopi kwa ambasade ya nchi iliyolipa. Ile kopi ya mwisho njo inaleta jibu. Mukiona kimya kinazidi mwezi, ujue kwamba PAM, UNICEF na PNUD kila moja inasimamiwa na baraza la nchi 36, orodha iko wazi, tafuta kama nchi iliyolipa proje yenu imo na uandikie ujumbe wake. Wengine watasema haya ni mambo ya wakubwa, lakini wale wabunge wa kule wanaulizwa na raia wao ju ya hii pesa, na barua yenye foto na tarehe kutoka Goma inawasaidia kuuliza vizuri.

Chungeni usalama. Kwa wakati huu Goma na Bukavu haziko kama zamani, kwa hiyo saini kwa jina la chama, usitie foto za sura za watu wala orodha ya wenye kusaidiwa kwenye WhatsApp, hata mukubwa wa grupe akikuhakikishia. Orodha yenye majina, namba za simu na avenyu ikitoka inaweza kuua mutu.

Musiiache serikali yetu nje pia. Kongo ilichaguliwa Juni 2025 kukaa kwenye Baraza la Usalama 2026 na 2027, maana yake kuna balozi wetu kwenye meza fasi mandate ya MONUSCO inaandikwa, na anapokea maagizo kutoka Kinshasa, hapana kutoka Paris. Wadeputé wetu waulizwe anapewa maagizo gani. Na kwa proje za Banki ya Dunia, kabla hata ya kusoma bajeti, fungua projects.worldbank.org, tafuta jina la proje na uangalie kama imeandikwa don ao crédit. Don ni zawadi. Crédit ni deni, litalipwa na watoto wetu, na hapo Cour des comptes na Bunge la Kinshasa wako na haki na kazi ya kukagua, na wewe uko na haki ya kuwauliza kama walifanya. Angalia pia tarehe ya kufungwa, ju kwa proje mpya Inspection Panel inapokea malalamiko mpaka miezi 15 baada ya ile tarehe, na watu wengi wanaanza kuandika wakati pano imeshaondolewa.